Milinganyo ya Daraja la Kwanza: Namna ya Kuifumbua kwa Kusafisha Mistari



Katika parokia za Kalemie na katika vijiji vilivyo kando ya ziwa, hakuna juma linalopita pasipo mtu kutumwa sokoni. Anapewa feza za parokia, anarudi na mzigo, na pamoja na mzigo analeta kikaratasi kilichoandikwa jumla tu: vitu vyote pamoja, franka kadha wa kadha. Bei ya kila kitu haikuandikwa. Kiisha halmashauri inakaa, na maneno yanaanza. Huyu alinunua ghali, yule alificha kitu, mwingine hajui kuhesabu. Watu wema wanaondoka pale na uchungu moyoni, na pengine katekista anaacha kazi kwa sababu ya neno ambalo hakuna aliyelipima.

Maneno mengi ya namna hii yangekwisha kama mmoja wa wale waliokaa angeshika kalamu na kuziuliza namba zenyewe. Maana namba zina jibu. Zikiulizwa vizuri zinajibu kwa namna moja katika tatu: ama zinataja bei moja kwa kila kitu; ama zinasema kwamba habari tulizo nazo hazitoshi; ama zinasema kwamba habari hizo haziwezi kuwa kweli zote pamoja. Hakuna jibu la nne. Mtu anayejua kutofautisha majibu hayo matatu hatamhukumu mwenzake pasipo sababu.

Njia ya kuziuliza inaitwa kusafisha mistari. Haitaki elimu kubwa. Anayejua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya anaiweza, na katekista aliyemaliza shule ya msingi ataifuata pasipo taabu akiwa na karatasi mkononi. Fratri anayesoma filosofia ataona ndani yake mfano safi wa mantiki. Tunaomba basi kila msomaji aandike pamoja nasi, asisome kwa macho tu.

I. Mlinganyo ni nini?

Mlinganyo ni neno linalosema kwamba vitu viwili ni sawasawa, kama mizani iliyotulia. Upande mmoja kuna vitu ambavyo bei yake hatuijui bado, upande wa pili kuna namba tunayoijua. Tukisema: makopo mawili ya unga pamoja na chupa moja ya mawese ni franka elfu saba, tumefanya mlinganyo. Bei ya unga na bei ya mawese ni visivyojulikana.

Mlinganyo unaitwa wa daraja la kwanza kama kila kisichojulikana kinazidishwa kwa namba tu, na kuongezwa kwa vingine. Hakizidishwi chenyewe kwa chenyewe, wala kimoja hakizidishwi kwa kingine. Hesabu za soko ni za daraja la kwanza karibu zote: ukinunua mara mbili, unalipa mara mbili.

Mlinganyo mmoja wenye visivyojulikana viwili hautoshi. Franka elfu saba tuliyotaja yaweza kuwa mbili na mbili na tatu, tena yaweza kuwa moja na moja na tano. Tunahitaji ushuhuda mwingine. Milinganyo kadha inayosimama pamoja juu ya visivyojulikana vilevile tunaiita fungu la milinganyo.

II. Mfano wetu

Tuseme makatekista watatu walikwenda siku moja katika soko moja, kwa wauzaji walewale. Kila mmoja alinunua unga wa mihogo kwa kopo, mawese kwa chupa, na ndagala kavu kwa kilo. Hesabu tunayotoa hapa ni ya kufundishia tu. Si bei ya leo wala ya jana. Tutahesabu kwa elfu za franka ili namba ziwe ndogo.

Wa kwanza alinunua makopo 2 ya unga, chupa 1 ya mawese na kilo 1 ya ndagala. Alilipa 19.
Wa pili alinunua makopo 4 ya unga, chupa 3 za mawese na kilo 1 ya ndagala. Alilipa 29.
Wa tatu alinunua makopo 2 ya unga, chupa 4 za mawese na kilo 2 za ndagala. Alilipa 40.

Halmashauri inauliza: kilo ya ndagala ilikuwa bei gani? Kila mmoja anajua jumla yake tu. Wengine watajaribu kubahatisha: tuseme ndagala ni kumi, tuone. Njia ya kubahatisha yaweza kufika, lakini inapoteza saa nyingi, na tena haiwezi kamwe kuonyesha kwamba jibu halipo. Mtu aliyebahatisha mara hamsini akakosa, hajui kama amekosa bahati au kama anatafuta kitu kisichokuwapo.

III. Kibao cha namba

Mbele ya yote tunaondoa maneno. Unga, mawese na ndagala vinabaki katika akili yetu. Katika karatasi tunaandika namba tu, kila namba mahali pake. Safu ya kwanza inayosimama ni ya unga, ya pili ni ya mawese, ya tatu ni ya ndagala, na nyuma ya kigingi ni jumla iliyolipwa.

2   1   1  |  19
4   3   1  |  29
2   4   2  |  40

Kibao hiki wenye elimu wanakiita matrisi. Neno lenyewe ni la Kilatini, na mafratri wanalijua: matrix ni tumbo la mama, mahali kitu kinapozaliwa. Mwingereza James Joseph Sylvester ndiye aliyeliingiza katika hesabu mwaka 1850.

Mstari unaolala ni ushuhuda wa mtu mmoja. Safu inayosimama ni habari za kitu kimoja. Asiyechanganya mambo hayo mawili ameshika nusu ya kazi. Na kama katekista fulani hakununua mawese, usiache nafasi tupu: andika 0 mahali pake, la sivyo namba zitahama safu na hesabu yote itaharibika.

IV. Kazi tatu zilizo halali

Juu ya mistari tunaruhusiwa kufanya kazi tatu tu.

Ya kwanza: kubadilishana nafasi ya mistari miwili. Ni wazi kwamba ushuhuda haubadiliki kwa sababu ya kusikilizwa wa kwanza au wa mwisho.

Ya pili: kuzidisha au kugawanya mstari mzima kwa namba moja isiyo sifuri. Kama makopo mawili na chupa moja ni franka saba, makopo manne na chupa mbili ni kumi na nne. Lakini lazima kila namba ya mstari ipate sehemu yake, hata ile iliyo nyuma ya kigingi.

Ya tatu: kuongeza mstari mmoja juu ya mwingine, au kuutoa, ukiwa umezidishwa kwanza kwa namba tunayotaka. Hii ndiyo kazi kubwa. Tukiongeza vitu vilivyo sawasawa juu ya vitu vilivyo sawasawa, mizani inabaki imetulia.

Kwa nini tatu hizi tu? Kwa sababu kila moja yaweza kurudishwa nyuma. Ulichoongeza waweza kukitoa. Ulichozidisha kwa tatu waweza kukigawanya kwa tatu. Mistari iliyobadilishana yaweza kurudi. Kwa hiyo kibao kipya kinasema sawasawa na kile cha zamani, hakuna jibu lililopotea wala lililoingia kwa siri. Lakini mtu akizidisha mstari kwa sifuri, amefuta ushuhuda wa mtu mzima, na hawezi kuurudisha tena. Ndiyo maana sifuri imekatazwa.

V. Kushuka: kusafisha chini ya kiongozi

Shabaha yetu ni kupata mstari mmoja ambao ndani yake kimebaki kisichojulikana kimoja tu. Tunafanya hivi: tunachagua namba ya kwanza ya mstari wa kwanza, tunaiita kiongozi, na kwa msaada wake tunafanya namba zote zilizo chini yake kuwa sifuri.

Kiongozi wetu ni 2. Chini yake kuna 4, ni kusema mara mbili ya kiongozi. Basi tunatoa katika mstari wa pili mstari wa kwanza mara mbili: 4 kutoa 4 ni 0, 3 kutoa 2 ni 1, 1 kutoa 2 ni 1 ya chini ya sifuri, tunaandika –1, 29 kutoa 38 ni –9. Katika mstari wa tatu kuna 2. Tunatoa mstari wa kwanza mara moja: 0, kiisha 3, kiisha 1, kiisha 21. Kibao kimekuwa hivi:

2   1    1  |  19
0   1   –1  |  –9
0   3    1  |  21

Msomaji asiogope namba zilizo chini ya sifuri. Mstari wa pili sasa unasema: bei ya chupa ya mawese, ukitoa humo bei ya kilo ya ndagala, ni tisa chini ya sifuri. Ni kusema ndagala imepita mawese kwa elfu tisa. Hakuna aliyetuambia neno hilo sokoni. Lilikuwa limefichwa ndani ya karatasi mbili, na kazi moja ya kutoa imelileta nje.

Sasa tunauacha mstari wa kwanza, tunashuka katika wa pili. Kiongozi mpya ni 1. Chini yake kuna 3. Tunatoa katika mstari wa tatu mstari wa pili mara tatu: 3 kutoa 3 ni 0, 1 kutoa –3 ni 4, 21 kutoa –27 ni 48.

2   1    1  |  19
0   1   –1  |  –9
0   0    4  |  48

Kibao kimekuwa kama ngazi: kila mstari unaanza hatua moja mbele kuliko ule ulio juu yake. Mstari wa mwisho unasema neno moja tu: kilo nne za ndagala ni 48. Kilo moja ni 12, yaani franka elfu kumi na mbili.

Pengine mahali pa kiongozi utakuta sifuri. Usigawanye kwa sifuri, hiyo haiwezekani. Tazama chini yake: kama kuna mstari wenye namba nyingine mahali pale, badilishana mistari hiyo miwili, ndiyo kazi halali ya kwanza. Kama wote chini ni sifuri, hamia safu inayofuata.

VI. Kupanda: kumaliza kazi

Tukiisha kufika chini, tunapanda tena. Tugawanye mstari wa tatu kwa 4: unakuwa 0 0 1 | 12. Tuuongeze juu ya mstari wa pili: –1 na 1 ni 0, –9 na 12 ni 3. Tuutoe katika mstari wa kwanza: 19 kutoa 12 ni 7. Kiisha tutoe mstari wa pili katika wa kwanza: 7 kutoa 3 ni 4. Tugawanye mstari wa kwanza kwa 2.

1   0   0  |   2
0   1   0  |   3
0   0   1  |  12

Sasa hata mtoto anaweza kusoma: kopo la unga ni elfu mbili, chupa ya mawese ni elfu tatu, kilo ya ndagala ni elfu kumi na mbili.

Kazi haijaisha mpaka tuhakikishe. Rudi katika maneno ya kwanza, si katika kibao cha kati. Katekista wa pili: makopo manne ni 8, chupa tatu ni 9, kilo moja ni 12, jumla 29. Ni kweli. Fanya hivyo kwa wote watatu. Kuhakikisha kunachukua dakika mbili, na kunaondoa makosa karibu yote ya mkono.

VII. Kama mistari inarudia neno moja

Tubadilishe mfano. Wa kwanza na wa pili ni walewale. Lakini wa tatu sasa alinunua makopo 6 ya unga, chupa 4 za mawese na kilo 2 za ndagala, akalipa 48.

2   1   1  |  19
4   3   1  |  29
6   4   2  |  48

Tunasafisha vilevile. Katika mstari wa tatu tunatoa wa kwanza mara tatu: 0, 1, –1, na 48 kutoa 57 ni –9. Huo ni sawa kabisa na mstari wa pili uliosafishwa. Tukitoa mmoja katika mwingine tunapata:

0   0   0  |  0

Sifuri ni sawa na sifuri. Ni kweli, lakini haitufundishi kitu. Sababu yake yaonekana tukitazama vizuri: katekista wa tatu alinunua sawasawa na vile walivyonunua wawili wa kwanza pamoja. Ushuhuda wake si mpya. Ni ule wa wengine, umejumlishwa. Tuna karatasi tatu, lakini mashahidi ni wawili.

Kimebaki nini? Mstari wa pili unasema mawese ni ndagala kutoa 9. Ukiingiza neno hilo katika mstari wa kwanza, unapata: unga ni 14 kutoa ndagala. Kama ndagala ni 12, mawese ni 3 na unga ni 2. Lakini kama ndagala ni 10, mawese ni 1 na unga ni 4. Kama ni 11, mawese ni 2 na unga ni 3. Jaribu kila mmoja: karatasi zote tatu zinakubali. Tunachojua kwa hakika ni kwamba ndagala ilikuwa zaidi ya 9 na chini ya 14, maana hakuna muuzaji anayetoa vitu bure.

Hapa tusimame kidogo. Tuseme mjumbe mmoja wa halmashauri anasimama na kusema: ndagala sokoni ilikuwa kumi, na huyu ameandika kumi na mbili, basi amekula feza ya watu. Akaonyesha hesabu yake, na hesabu yake inakubali karatasi zote. Watu watamwamini, sababu namba zake ni sahihi. Walakini hakuthibitisha kitu. Ameonyesha jibu moja kati ya mengi, akaliita jibu. Asiyejua kusafisha mistari hana la kumjibu. Anayejua ataonyesha mstari wa sifuri na kusema: ndugu, karatasi hizi haziwezi kutuambia. Tulete ushuhuda mwingine kwanza.

Kuhesabu mashahidi hakutoshi. Lazima kujua kama kila mmoja ameleta neno lake mwenyewe. Kusafisha mistari kunahesabu mashahidi wa kweli: idadi ya mistari inayobaki na kiongozi, wenye elimu wanaiita rangi ya matrisi, kwa kufuata neno la Kifaransa linalotaja cheo au nafasi.

VIII. Kama mistari inagombana

Tubadilishe mara ya mwisho. Katekista wa tatu alinunua vitu vilevile 6, 4 na 2, lakini karatasi yake inasema 50. Tukisafisha, mstari wa mwisho unakuwa:

0   0   0  |  2

Unasema: si unga, si mawese, si ndagala, lakini franka elfu mbili. Hiyo haiwezekani. Hakuna bei yoyote duniani inayokubali karatasi hizi tatu pamoja. Aliyebahatisha angetafuta mpaka usiku. Kibao kimesema katika mistari mitatu.

Lakini tuangalie sana kibao kimesema nini, na hakikusema nini. Kimesema kwamba habari tatu haziwezi kuwa kweli zote pamoja kwa bei moja. Hakikusema kwamba wa tatu ni mwongo. Tukibadilisha nafasi ya mistari, ugomvi uleule utaonekana chini ya jina la mwingine. Pengine wa kwanza aliandika vibaya. Pengine bei ilipanda mchana, mitumbwi ilipochelewa. Pengine kopo la muuzaji mmoja lilikuwa dogo kuliko la mwingine. Hesabu imeonyesha kwamba kuna kosa, na ukubwa wake; kumtafuta mwenye kosa ni kazi ya kuuliza watu kwa upole. Mafratri wanaosoma maadili wanajua vile Mtakatifu Thomas anavyokataza kuhukumu kwa kudhani tu, na amri ya nane inatuzuia sisi sote. Hapa hesabu na maadili zinasema neno moja.

IX. Njia hii imetoka wapi

Wengi wanaiita njia ya Gauss, lakini ni ya zamani kuliko yeye. Wachina waliiandika katika kitabu chao cha Sura Tisa za Hesabu, na sura ya nane yote ni ya milinganyo ya namna hii. Walipanga vijiti juu ya meza kwa safu, wakatumia vijiti vyekundu kwa namba zilizo juu ya sifuri na vyeusi kwa zile zilizo chini. Mwalimu Liu Hui alifafanua kitabu hicho mwaka 263 baada ya Kristo.

Carl Friedrich Gauss, Mdachi aliyeishi tangu 1777 hata 1855, alikuwa na shida ile tuliyoitaja sasa hivi: mistari inayogombana. Mwaka 1810 alihesabu njia ya Pallas, mojawapo ya nyota ndogo zinazozunguka jua. Aliandika kwa Kilatini, na msomaji wa seminari angeweza kumfuata. Alikuwa na visivyojulikana sita, na vipimo vingi kuliko hivyo, na kila kipimo kilikuwa na kosa dogo la jicho au la chombo. Vipimo vyote kwa pamoja havikuweza kuwa kweli. Alitumia kanuni ambayo Mfaransa Legendre alikuwa ameitangaza mwaka 1805: tafuta jibu ambalo, ukikamata kosa linalobaki katika kila kipimo, ukalizidisha lenyewe kwa lenyewe na kujumlisha yote, jumla iwe ndogo kuliko zote. Kanuni hiyo inazaa fungu jipya la milinganyo lisilo na ugomvi, na hilo Gauss alilisafisha kwa kushuka kama tulivyofanya.

Wapima nchi waliipokea njia hii kwa furaha. Hata karibu na ziwa letu imefanya kazi. Tangu mwaka 1879 David Gill, mtazama nyota wa Rasi ya Afrika ya Kusini, alikuwa na shauri la kupima dunia kwa mlolongo wa pembetatu toka Kusini mpaka Misri, kwa kufuata meridiani ya 30, ile inayopita juu ya maji ya Tanganyika, mashariki kidogo ya Kalemie. Sehemu iliyo ng'ambo, katika Tanzania ya leo, ilipimwa na Martin Hotine na wenzake katika miaka ya 1930, na pengo la mwisho, katika Sudani, lilifungwa mwaka 1954. Katika kazi ya namna hii kila pembetatu ni shahidi, na karibu hakuna pembetatu inayokubali kabisa pamoja na jirani yake. Milinganyo inakuwa kwa makumi na mamia, nayo inafumbuliwa kwa kusafisha.

Kazi ya kupanda, tuliyoieleza katika sehemu ya VI, ilitangazwa mwaka 1888 na watu wawili. Mmoja ni Wilhelm Jordan, mpima nchi wa Udachi. Ndiyo maana vitabu vinasema njia ya Gauss na Jordan, na wengi wanakosa kwa kumdhania Mfaransa Camille Jordan. Wa pili ni padri, Clasen wa Luxembourg, aliyeiandika katika mwaka uleule, katika jarida la Chama cha Elimu cha Bruxelles. Jina la Jordan limebaki katika vitabu, la padri limesahauliwa karibu kabisa.

X. Kwa nini njia hii, si nyingine

Vitabu vya shule vinafundisha pia kanuni ya Cramer, ya mwaka 1750, inayotumia determinanti. Kwa visivyojulikana viwili au vitatu ni nzuri. Lakini tuone kwa kumi. Determinanti moja ya kumi kwa kumi, ikifunguliwa yote, ina vipande 3 628 800, na kanuni inataka determinanti kumi na moja: vipande karibu milioni arobaini. Kusafisha kwa kushuka, pamoja na kurudi juu hatua kwa hatua, kunataka kuzidisha na kugawanya mara 430. Kazi ya kwanza haiwezi kuisha katika maisha ya mtu. Ya pili ni kazi ya siku moja au mbili kwa mtu mvumilivu. Leo kompyuta zinafanya hayo kwa nukta moja, na njia zinazotumia bado ni mtoto wa njia hii.

XI. Ya kujizoeza

1. Misioni moja ilinunua mifuko 10 ya simenti na mabati 20 kwa dola 390. Nyingine ilinunua mifuko 15 na mabati 10 kwa dola 345. Bei ya kila kimoja ni gani?

2. Safisha kibao hiki, useme majibu ni mangapi. Kiisha weka 28 mahali pa 27, useme tena.

1   1   1  |  10
2   3   1  |  17
3   4   2  |  27

3. Ndilo swali la kwanza katika sura ya nane ya Wachina. Miganda 3 ya nafaka bora, 2 ya nafaka ya kati na 1 ya nafaka hafifu inatoa vipimo 39. Miganda 2, 3 na 1 inatoa 34. Miganda 1, 2 na 3 inatoa 26. Mganda wa kila namna unatoa vipimo vingapi?

Majibu. Ya kwanza: simenti dola 15, bati dola 12. Ya pili: kwa 27 majibu hayana mwisho, kwa 28 hakuna hata moja. Ya tatu: bora 9 na robo, ya kati 4 na robo, hafifu 2 na robo tatu.

Anayefundisha jambo hili katika shule ya makatekista asianze na kanuni. Aanze na karatasi za soko, tena na soko la wanafunzi wenyewe. Awaache wagombane kidogo juu ya bei. Kiisha aandike kibao. Na akifika katika mstari wa sifuri, asiupite mbio. Hapo ndipo wanafunzi watajifunza neno ambalo halmashauri nyingi zinalihitaji kuliko jibu lenyewe: hatujui bado, tuulize tena.